Kampuni Inasema Safari Ilikuwa Imekwisha: Je, Nani Atanilipa Fidia?

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia nikiwa bado navaa kola ya shingo, na nimefika mahali ambapo sijui nimfuate nani. Mwezi uliopita nilichelewa kutoka kazini, nikampigia mdogo wangu wa kiume aniitie gari kwa programu ya usafiri iliyo katika simu yake, kwa kuwa mimi sina programu hiyo. Gari lilifika, namba zikawa ndizo, nikakaa kiti cha nyuma. Nilitafuta mkanda nikakuta kishikizo chake kimezama chini ya kitambaa cha kiti, na nilipomuuliza dereva alisema upande huo haufungiki.

Tulipokuwa tumekaribia nyumbani, katika makutano yenye taa, gari jingine lilitugonga ubavuni. Dereva wetu anasema taa yake ilikuwa ya kijani, na mwenye gari lile naye anasema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha la upande wa pili, kwa hiyo siwezi kuapa kwa niaba ya yeyote kati yao. Nikiwa bado ndani ya gari, nimeshika kichwa, nilimwona dereva akichukua simu yake na kuibonyeza. Baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba alipata ujumbe kuwa safari imekwisha na nauli imekatwa.

Polisi walikuja wakaandika maelezo. Usiku ule nilijiona nina michubuko tu, lakini siku iliyofuata shingo ilikataa kugeuka, na baadaye mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Daktari amesema diski ya shingo imeathirika, nitahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa, na upasuaji haujaondolewa katika mawazo yake. Kazi yangu ni ya kushona, kuinamia cherehani kutwa nzima, na kwa sasa siifanyi.

Nimeandika kila mahali. Kampuni ya programu imenijibu kwamba, kwa kumbukumbu zake, safari ilikuwa imeshafungwa kabla ya saa ya ajali iliyoandikwa na polisi. Kwamba yenyewe ni kampuni ya teknolojia tu na dereva ni mkandarasi huru, yaani anajifanyia kazi mwenyewe wala si mwajiriwa wao. Na kwamba kwa nia njema itarudisha nauli na kutoa kiasi kidogo cha fedha, iwapo kitabonyezwa kitufe cha kukubali kwamba sina dai jingine lolote. Kampuni ya bima ya dereva inasema gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa hiyo abiria wa kulipa hamo. Kampuni ya bima ya gari lililotugonga inasema kosa ni la dereva wetu, na kwamba hata kama lingekuwa la mteja wao, mimi sikufunga mkanda.

Nani hasa anawajibika kwangu? Je, inanidhuru kwamba gari liliitwa kwa akaunti ya mdogo wangu? Tukibonyeza kitufe kile nitapoteza nini? Na kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi: yule dereva ni kijana mstaarabu, amekuja kunijulia hali mara kadhaa, na gari analoendesha ni la mkopo. Sitaki dai langu limmalize.

Abiria wa Kiti cha Nyuma

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa maumivu, na pole kwa mzunguko huu wa majibu ambao humchosha mgonjwa kuliko hata safari za hospitali. Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo lenye haraka: msibonyeze kitufe kile, wewe wala mdogo wako. Kukubali malipo ya kumaliza madai ni mkataba, na kwa kawaida mkataba wa namna hiyo ukishakamilika hufunga mlango hata kama baadaye itagundulika kwamba jeraha lilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Daktari wako mwenyewe hajajua kama utahitaji upasuaji. Dai ambalo hata daktari hawezi kulikadiria haliwezi kuuzwa leo kwa bei ya haki, na anayelinunua mapema hufanya hivyo kwa sababu anajua bei hiyo inaweza kupanda. Nauli wanaweza kukurudishieni bila sharti lolote. Waambieni hivyo kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika barua yako umejiweka katikati ya mzozo ambao, kwa sehemu kubwa, si wako. Kulikuwa na madereva wawili kwenye yale makutano, na mmoja wao, au wote wawili, alikosea. Wewe hukushika usukani. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mtu asiye na kosa aliyeumizwa na uzembe wa watu wawili anaweza kudai fidia yake yote kutoka kwa yeyote kati yao, kisha wao wenyewe, pamoja na kampuni zao za bima, wagawane mzigo kadiri mahakama itakavyoona ni sawa. Zipo sehemu ambako kila mkosaji hulipa sehemu yake tu, na hilo utaulizia kwa wakili wa mahali ulipo. Lakini katika hali zote mbili, jambo la busara ni kudai kwa wote kwa wakati mmoja. Abiria anayechagua kumfuata mmoja tu, kwa kuamini kauli ya dereva wake kuhusu rangi ya taa, hujiweka katika hatari ya kushindwa baada ya miaka miwili na kukuta kwamba muda wa kumdai yule mwingine umepita. Wewe huna haja ya kuthibitisha taa ilikuwa ya nani. Unalohitaji kuthibitisha ni kwamba ulikuwa abiria, kwamba magari hayo mawili yaligongana, na kwamba umeumia kwa sababu hiyo.

Kwa nini basi kampuni ya programu inashikilia sana dakika ya kufungwa kwa safari? Kwa sababu bima ya usafiri wa aina hii, mahali ambapo sheria imeipanga, hubadilika kufuatana na kile dereva alichokuwa akikifanya katika programu. Programu ikiwa imezimwa, yeye ni mwenye gari kama wengine na bima yake binafsi ndiyo inayohusika. Akiwa ameiwasha na anasubiri mteja, kunakuwa na kinga ya kiwango cha chini. Akishakubali ombi la safari na kwenda kumchukua abiria, na wakati wote abiria akiwa ndani, kinga inakuwa kubwa. Tofauti kati ya hatua moja na nyingine ni kubwa mno kiasi kwamba kusogeza ajali kwa dakika chache tu kunaweza kuokoa fedha nyingi sana.

Mpangilio huo ulizaliwa Marekani, katika jimbo la California. Mwaka 2013 tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma iliziweka kampuni hizi katika kundi lao la kisheria na kuzitaka ziwe na bima ya dola milioni 1 wakati wa safari. Usiku wa kuamkia mwaka 2014, huko San Francisco, dereva aliyekuwa na programu lakini hana abiria aligonga familia iliyokuwa ikivuka barabara, na mtoto wa miaka 6 akafariki. Kampuni ilijitetea kwamba dereva hakuwa safarini. Pengo hilo likawa wazi mbele ya kila mtu, na ndani ya mwaka huo bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoanza kutumika Julai 2015: dereva anayesubiri mteja lazima awe na kinga ya majeraha ya angalau dola 50,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa ajali nzima, pamoja na 30,000 kwa mali iliyoharibiwa na kinga ya ziada ya 200,000, na kuanzia anapokubali safari, dola milioni 1. Majimbo mengi mengine yamefuata mfano huo kwa viwango vinavyokaribiana.

Lakini sehemu ya sheria ile ambayo natamani kila abiria angeijua ni namna ilivyoeleza mwisho wa safari. Haikusema kwamba safari inakwisha dereva anapobonyeza kitufe. Ilisema kinga kubwa inaendelea mpaka dereva akamilishe muamala katika programu au mpaka safari yenyewe ikamilike, lolote litakalotokea baadaye. Majimbo mengine yameandika kwa maneno yaliyo wazi zaidi, kwamba safari inakwisha pale abiria wa mwisho anapotoka ndani ya gari. Waliotunga maneno hayo walijua kwamba madereva hubonyeza mapema, kwa mazoea, kwa hofu, au kwa kuwahi ombi linalofuata, na hawakutaka kinga ya mtu aliye ndani ya gari itegemee kidole cha mtu mwingine. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza wakili wako ni hili: sheria ya mahali ulipo, au mkataba wa bima wa kampuni hiyo ikiwa sheria imenyamaza, unaeleza vipi mwisho wa safari? Ikiwa unautambua kwa kushuka kwa abiria, hoja yao inaanguka hata kama saa zao ni sahihi.

Nami sina hakika kabisa kwamba saa zao zinathibitisha wanachokisema. Saa iliyoandikwa katika ripoti ya polisi mara nyingi ni saa waliyopigiwa simu, au saa waliyofika, au makadirio ya shahidi mmoja. Ni nadra iwe ndiyo sekunde ya mgongano. Ushahidi ulio bora uko mikononi mwa mdogo wako. Mwambie afungue risiti ya safari ile na kutazama ramani yake. Ikiwa mstari wa njia unaishia kwenye makutano ya ajali na haufiki nyumbani kwako, basi risiti hiyo yenyewe inasema safari ilikatishwa mahali ambapo hakuna abiria mwenye akili timamu angeshuka, katikati ya barabara, kwenye taa, usiku. Linganisha pia muda wa safari na umbali, halafu tafuta alama nyingine za saa zisizotegemea kampuni wala polisi: simu ya kwanza uliyompigia ndugu yako baada ya kugongwa, simu ya dharura iliyopigwa na mpita njia, kamera ya duka au ya barabarani, karatasi ya kupokelewa hospitalini. Picha za skrini zipigwe leo, zikionyesha tarehe, na zihifadhiwe mahali pengine nje ya simu.

Kamera nimezitaja kwa pupa kidogo kwa sababu nyingi hufuta picha zake zenyewe baada ya siku au wiki chache. Mwezi umeshapita. Nenda, au mtume mtu, kesho.

Data iliyo ndani ya kampuni ni tajiri kuliko risiti. Programu hizi hurekodi mahali gari lilipo na mwendo wake, na baadhi husoma hata vihisi vya simu vinavyotambua mtikisiko au kusimama kwa ghafla. Rekodi hiyo inaweza kuonyesha gari lilisimama lini, na ikiwa lilisimama kabla ya safari kufungwa, mzozo wa saa umekwisha. Hapa ndipo akaunti ya mdogo wako inapogeuka kuwa msaada. Katika nchi zenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, mwenye akaunti ana haki ya kuomba taarifa zinazomhusu. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni iliyoanza kutumika Mei 2018 inaitaka kampuni ijibu ndani ya mwezi mmoja kwa kawaida. Ombi hilo aliandike yeye, kwa jina lake, kwa kuwa wewe si mteja wao katika kumbukumbu zao. Wewe kwa upande wako, kupitia wakili, utaandika barua ya kuwataka wahifadhi kumbukumbu zote za safari hiyo zisifutwe, kwa sababu kuna dai linalokuja. Kampuni iliyopokea barua ya namna hiyo kisha ikapoteza kumbukumbu huwa na kazi ngumu ya kujieleza mbele ya hakimu.

Je, akaunti hiyo inakudhuru? Kwa suala la fidia ya jeraha, sioni kwa nini ikudhuru. Dereva ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa kila aliyemo ndani ya gari lake, awe ameita gari mwenyewe, ameitiwa, au ni mgeni wa aliyeita. Mdogo wako aandike maelezo mafupi na kuyatia saini kwamba aliita gari kwa ajili yako, kutoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Kuna hata upande mmoja ambao hali hii inaweza kukusaidia. Masharti ya programu hizi mara nyingi humtaka mteja akubali kwamba migogoro itapelekwa kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani, na aliyekubali masharti hayo ni mdogo wako, si wewe. Kama sharti hilo linakufunga ni swali la kisheria ambalo majibu yake hutofautiana, lakini usikubali kuambiwa kwamba limekwisha kujibiwa. Hata kwa aliyetia saini mwenyewe, sharti la namna hiyo si msumari wa chuma: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la dereva dhidi ya Uber, mojawapo ya kampuni hizi za programu za usafiri, ilibatilisha sharti lililomtaka mlalamikaji aende kwenye usuluhishi Uholanzi na kulipa ada ya awali ya takriban dola 14,500 za Marekani.

Kuhusu kauli kwamba wao ni kampuni ya teknolojia tu, utaisikia tena na tena, na unapaswa kujua kwamba mahakama kubwa zimeipima na hazikuikubali kila mara. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema huduma ya Uber ya kuwaunganisha abiria na madereva wasio wa kitaaluma ni huduma katika nyanja ya usafiri. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema madereva waliofungua shauri dhidi ya kampuni hiyo ni wafanyakazi kwa maana ya sheria za kazi za nchi hiyo. Nisikudanganye: hukumu hizo hazikuwa za fidia ya ajali, na hazikusema kwamba kampuni hulipia kila kosa la dereva. Lakini zilitazama nani anapanga nauli, nani anagawa safari, nani anaweza kumfungia dereva nje ya mfumo, na maswali hayo hayo wakili wako anaweza kuyauliza kwenye shauri lako. Zaidi ya hayo, pale ambapo sheria imeiamuru kampuni iwe na bima ya safari, swali la kama dereva ni mwajiriwa au mkandarasi huru halina uzito mkubwa, kwa kuwa bima hiyo inafuata safari yenyewe. Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana nao kwenye barua kuhusu jina la uhusiano wao na dereva. Dai bima ya safari kwanza.

Bima ya dereva ni sura yenye uchungu zaidi, kwa sababu jibu walilolitoa mara nyingi ni la kweli kwa mujibu wa mkataba. Mikataba ya matumizi binafsi karibu yote hukataa kubeba watu kwa malipo, na madereva wengi hawaambiwi hilo kwa uwazi wanapojiunga, au wanaambiwa wakaendelea hivyo hivyo kwa kuwa bima ya biashara ni ghali. Hata hivyo, jibu la kampuni ya bima kwa mteja wake si lazima liwe jibu lake kwa majeruhi. Nchi nyingi zimeifanya bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayowalipa wengine wanaoumizwa na gari, kuwa ya lazima ili kuwalinda watu kama wewe, na zimezuia baadhi ya visingizio. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 ni mfano mzuri: kampuni ya bima haiwezi kumkwepa majeruhi kwa hoja ya umri wa dereva, ubovu wa gari au wingi wa abiria, ingawa matumizi ya biashara hayamo katika orodha hiyo. Kwa pengo linalobaki nchi hiyo ina mfuko unaogharimiwa na kampuni za bima zenyewe, ulioanzishwa mwaka 1946, unaowalipa waliogongwa na madereva wasio na bima. Mifuko ya aina hiyo ipo katika nchi nyingine pia. Uliza kama upo mahali ulipo, na uliza mapema, maana mifuko hii huwa na masharti yake ya muda na ya kutoa taarifa.

Mkanda nitaupitia kwa ufupi, maana hoja yao ina nguvu ndogo kuliko sauti yake. Kutofunga mkanda hakumfanyi majeruhi kuwa chanzo cha ajali. Kunaweza tu kupunguza fidia kwa sehemu ya jeraha ambayo mkanda ungeizuia. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliweka kipimo mwaka 1975 ambacho kimefuatwa mbali na huko: punguzo la asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia jeraha lote, asilimia 15 ikiwa ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, na hakuna punguzo ikiwa usingebadilisha kitu. Kugongwa ubavuni ni hali ambayo daktari anaweza kueleza kwamba mkanda usingesaidia sana. Na juu ya hayo yote, wewe uliutafuta mkanda ukauomba, ukaambiwa haufungiki. Gari linalobeba abiria kwa malipo likiwa na mkanda usiofungika ni kosa la upande wa gari. Andika jambo hilo katika maelezo yako kwa maneno aliyoyatumia dereva, na umwombe akuruhusu upige picha ya kiti kile kabla hakijatengenezwa.

Mwili wako ndio msingi wa dai lote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Maumivu ya shingo yanayojitokeza saa kadhaa au siku moja baada ya ajali ni jambo ambalo madaktari wanalifahamu vizuri, lakini kwa afisa wa madai pengo hilo la usiku mmoja ni nafasi ya kusema uliumia kwingine. Jibu lake ni kumbukumbu za hospitali zisizokatika. Usiruke miadi ya mazoezi ya viungo kwa sababu umejisikia nafuu wiki hii. Kila unapokwenda, mweleze daktari dalili zote, hasa ganzi ya mkono, na hakikisha ameziandika. Omba ripoti inayosema waziwazi kwamba jeraha linaendana na mgongano wa tarehe ile, na inayoeleza namna linavyogusa kazi ya kushona, kwa sababu mtu asiyeijua kazi hiyo atadhani kukaa kitini ni kupumzika. Mwajiri wako, au wateja wako kama umejiajiri, watoe maandishi ya mapato uliyokuwa ukiyapata. Ukiwa na bima ya afya, itumie sasa bila kusubiri; huenda ikadai kurudishiwa fedha zake kutoka kwenye fidia, na hilo ni la kawaida. Na afisa wa bima ya upande wa pili akikupigia akiomba kurekodi maelezo yako, mwambie kwa heshima kwamba utajibu kwa maandishi. Huna wajibu wa kumjibu papo hapo, na neno kama "naendelea vizuri," ambalo sisi hulisema kwa adabu hata tukiwa kitandani, litasomwa baadaye kama ushahidi wa kupona.

Muda wa kufungua shauri hautakusubiri. California hutoa miaka 2 kwa jeraha la mwili. Uingereza, Kenya na Tanzania, miaka 3 kwa madai ya uzembe. Miaka hiyo haisimami kwa sababu tu mnaandikiana barua na kampuni ya bima, hata kama barua zao ni za upole, na nimeona watu wakiliwazwa na mazungumzo mpaka siku ya mwisho ikapita. Zipo pia nchi ambazo haziendi kwa njia ya uzembe kabisa. New Zealand, tangu mwaka 1974, mfuko wa taifa humtibu na kumlipa majeruhi sehemu ya mshahara bila kuuliza nani alikosea, na kwa kubadilishana mtu hawezi kufungua shauri la kudai fidia ya kawaida. Ndiyo maana nakusisitizia wakili wa mahali ulipo. Wengi wanaoshughulikia madai ya ajali hukubali mazungumzo ya kwanza bila malipo, na baadhi, pale sheria inaporuhusu, hulipwa kutoka kwenye fidia ikipatikana. Soma asilimia yake kabla ya kutia saini.

Nimeliweka suala la kijana yule mwishoni kwa sababu najua ndilo linalokuumiza moyo. Kumtaja dereva katika dai hakumaanishi kwamba fedha zitatoka mfukoni mwake. Mara nyingi jina lake ndilo ufunguo: kampuni ya bima hailipi mpaka ionyeshwe kwamba mtu iliyemkinga anawajibika, na ukimwacha nje kwa huruma unaweza kuwa umeifungulia kampuni mlango wa kutokea. Ni kweli kwamba akiwa hana kinga ya kutosha anaweza kudaiwa binafsi, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kupigania bima ya safari, kwa kuwa ikikubaliwa inamlinda na yeye pia. Katika jambo hili nyinyi wawili mna haja moja. Yeye ndiye anayejua alibonyeza simu lini na kwa nini. Akiandika kwa mkono wake kwamba alifunga safari baada ya kugongwa, abiria akiwa bado ndani, atakuwa amekusaidia na amejisaidia. Mweleze hivyo atakapokuja tena, na mshauri apate ushauri wake wa kisheria kabla ya kuandika chochote, maana naye ana haki ya kulindwa.

Wiki hii, basi, andikieni kampuni ya programu barua mbili, moja yako na moja ya mdogo wako. Yako iseme kwamba mnakataa malipo ya kumaliza madai, kwamba ulikuwa ndani ya gari wakati wa mgongano, kwamba unadai chini ya bima ya safari, na kwamba unataka jina la kampuni iliyoitoa bima hiyo, namba ya mkataba, na kumbukumbu zote zihifadhiwe. Ya mdogo wako iombe taarifa za akaunti yake kwa safari ile. Nakala za barua yako zipelekwe kwa kampuni zote mbili za bima za magari, na kila nakala irudi kwako ikiwa na muhuri au uthibitisho wa tarehe ya kupokelewa.